Kisu Changu, Bunduki Yake

Kisu chenyewe bado ninacho. Nimekifunga katika kipande cha shuka ya zamani na kukiweka juu ya kabati la vitabu, mahali ambapo wajukuu hawafiki. Nilimwagiza mhunzi mmoja wa hapa Shinyanga mjini anifulie kwa ajili ya mnyama mmoja tu, kongoni, na kongoni huyo hakikumgusa. Kila ninapopangusa vumbi juu ya kabati lile namshukuru Mungu kwa mwaka ule mzima tulioutumia kupanga safari ya siku chache.

Mwenzangu katika safari ile ni Msukuma wa Samuye, mkulima na mfugaji, Mkristo asiyekosa kanisani. Tulijuana Mwakitolyo, yeye akichimba dhahabu na mimi nikiuza unga, tochi na betri katika kibanda cha mabati karibu na maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Alikuwa na bunduki aliyorithi kwa baba yake, pamoja na karatasi zake zote za halali, na Jumamosi wachimbaji walipopumzika alikuwa akiingia vichakani. Jioni akirudi alinipitia kabla ya kufika kwake.

"Shehe, mhola?" Hiyo ndiyo salamu yake hadi leo.

"Mhola duhu."

"Pokea mboga."

Mkononi alikuwa na kanga wawili, au sungura, au paja la paa. Nami nilipokea kwa mikono miwili na kumwombea baraka. Akishapinda kona, nilimpelekea mamantilie wa jirani, maana mimi sili mnyama aliyekufa kabla kisu hakijampitia. Najua masheikh wana maneno marefu kuhusu mawindo, na sikatai elimu yao. Lakini nilivyolelewa chuoni tangu utoto ni kwamba mnyama nimkute na uhai, nimtajie jina la Mola wake, kisu kipite. Roho yangu imetulia hapo.

Kosa langu halikuwa kutokula. Kosa langu lilikuwa kutosema. Mtu ametembea kutwa juani, amenipa mimi sehemu nzuri kabla ya watoto wake, nimwambieje kwamba chakula chake hakiingii mdomoni mwangu? Niliona ni heri ninyamaze. Na keshoye akiniuliza, "Ilikuwaje ile?" nilimjibu kwamba ilikuwa tamu. Nimefundisha watoto wa watu madrasa kwa miaka mingi kwamba uongo mdogo haupo. Huo wangu niliubeba kwa miaka.

Wakati wa Mwakitolyo ukapita. Yeye akarudi Samuye kwenye pamba na ng'ombe zake, mimi nikafungua duka la vyakula mjini. Kila Alhamisi alasiri alikuja kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, tukanywa chai ya tangawizi kwenye benchi la mbele ya duka. Mara mojamoja alikuwa na furushi la nyama kwenye kapu la baiskeli, nami nilipokea kama zamani.

Alhamisi moja mke wangu ndiye aliyetuletea chai. Rafiki yangu akamgeukia.

"Shemeji, yule kanga wa wiki iliyopita mlimpika kwa karanga au kwa nazi?"

Mke wangu hana hila. Alidhani mambo yetu mtu huyu anayajua.

"Ah, shemeji, si unajua sisi hatuli kisichochinjwa? Nilimpelekea mama wa nyumba ya pili. Anakushukuru sana, anasema Mungu akuzidishie."

Akaingia ndani na sinia lake. Sisi tukabaki na vikombe.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu Mwakitolyo."

"Zote?"

"Zote."

"Hata yule paa niliyembeba begani kutoka kule mlimani, nikakuletea na ini lake?"

"Hata yule."

"Ulisema ini lilikuwa tamu."

"Nilisema. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

Aliweka kikombe chini kikiwa nusu, akachukua baiskeli, akaondoka. Alhamisi iliyofuata benchi lilikuwa na mimi peke yangu. Na iliyofuata vilevile. Mke wangu alilia akisema amevunja urafiki wa watu kwa kanga mmoja. Nilimwambia aliyeuvunja ni mimi, tena kwa kanga wengi.

Alhamisi ya tatu nikasikia breki za baiskeli. Alikuwa na daftari la shule limebanwa kwapani.

"Shehe, mhola? Nimefikiri. Tunakwenda kuwinda."

"Nani na nani?"

"Mimi na bunduki yangu, wewe na kisu chako. Nikipiga, unachinja. Ukichinja, unakula. Mbele yangu. Nataka niyaone hayo meno yakitafuna kitu nilichokiwinda mimi, mara moja tu kabla sijairudisha bunduki polisi. Magoti yameshanichosha, mwaka huu ndio wa mwisho."

"Na tutawinda nini?"

"Kongoni."

Nikacheka. Hapa kwetu kongoni ameshakuwa hadithi. Baba yake aliwahi kumweleza kwamba zamani, kabla ya pamba na ng'ombe kuijaza nchi, kongoni walikuwa wakifika mpaka visimani Samuye, wakasimama pale na nyuso zao ndefu kama watu waliokuja kudai jibu la posa. Yeye mwenyewe hajawahi kumwona hapa. Ilibidi tutoke nje ya mkoa, upande wa Tabora kwenye misitu ya miombo, kitu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukifanya. Mawindo yake yote alikwenda kwa miguu na kurudi kabla ya jua kuzama.

Hivyo Alhamisi zetu zikawa za kupanga. Nikikumbuka sasa, naona hakuna wakati tuliofurahi kama ule. Daftari lilijaa: chumvi magunia mawili, maturubai, kamba, madumu ya maji, dawa ya mbung'o, sufuria yangu na sufuria yake. Tulibishana juu ya kila neno. Yeye alitaka dagaa kidogo tu, akisema mwindaji anayebeba mboga anamtukana mnyama. Mimi nikaandika dagaa debe zima.

"Huna imani," alinilaumu.

"Imani ninayo. Njaa pia ninayo."

Tulikwenda pamoja kuomba kibali cha uwindaji. Afisa wa wanyamapori, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisoma fomu yetu, akainua kichwa.

"Shikamooni wazee. Mwindaji nimemwona. Huyu mzee mwenye kofia anakwenda kufanya nini?"

"Marahaba. Ni mchinjaji," rafiki yangu alijibu.

"Mnakwenda na mchinjaji kutoka Shinyanga mpaka Tabora?"

"Mwanangu, bila huyu safari haina maana."

Tulipopewa siku zetu tukagundua kwamba tumezichagua vibaya. Ndani yake mna Ijumaa yangu na Jumapili yake. Mimi nilimweleza kwamba msafiri amepewa ruhusa, nitasali adhuhuri yangu porini na Mungu anajua. Yeye akakuna kidevu, akasema mchungaji wake hana ruhusa nyepesi kama za kwetu, lakini atamwimbia Mungu kutoka mahali popote palipo na kivuli.

Usafiri ulitoka kwa jirani yangu wa duka la vipuri. Ni Mhindi aliyezaliwa mtaa huuhuu, Kisukuma chake kinanishinda mimi, na katika nyumba yao haliingii hata yai. Tulipomwomba pikapu yake alitutazama kwa huruma kama mtu anayeombwa kisu na mtoto.

"Gari chukueni, wazee wangu. Lakini damu isidondoke kwenye bodi. Hata tone."

"Tutakausha nyama hukohuko mpaka iwe kama gogo," rafiki yangu alimhakikishia, "na tutaifunga kwa turubai."

"Maturubai mawili."

"Mawili."

"Basi. Nami nitawaombea."

"Asante. Utuombee tupate."

"Hapana, mzee. Nitawaombea mkose. Mwende salama, mrudi salama, lakini mkose."

Kisha akaingia ndani ya duka lake, akatoka na dira ndogo ya kuning'iniza kwenye gari, akanipa. Alijua nitahitaji kujua kibla kilipo huko porini, kwa sala na kwa kuchinja. Nyama haili, na dira alitoa.

Kilichobaki kilikuwa miguu yangu. Rafiki yangu alinieleza kwamba kongoni akipigwa vizuri nyuma ya bega huenda hatua kadhaa, akaanguka, na hapo uhai wake ni wa dakika chache. Nilimwuliza kama hawezi kumpiga mguuni ili angoje. Alinikemea, na alikuwa na haki. Dini yangu yenyewe haitaki mnyama ateswe, na niliona haya kwamba ni yeye aliyenikumbusha. Basi ilinipasa nifike upesi.

Tukafanya mazoezi Samuye, katika shamba lake la pamba lililokwisha vunwa. Alisimama na fimbo badala ya bunduki, akaweka gunia la pumba mbali kiasi, ndiye kongoni. Alipopiga kelele "Paa!" mimi nilitoka mbio na kisu kwenye ala, kanzu nimeipandisha na kuifunga kiunoni, nikapige magoti mbele ya gunia, nielekee kibla, nitaje jina la Mungu. Wake za wanawe walikuja kusimama kando ya shamba, viganja midomoni.

Mara ya kwanza nilipofika nikiwa sina pumzi, alikuwa ameshanitangulia pale, amekaa juu ya gunia.

"Kongoni ameshakufa," alisema. "Amezikwa, na arobaini yake imepita. Tulikungoja kwenye pilau."

"Ulimpiga mbali mno."

"Nilimpiga alipokuwa. Sikuwa na kiti cha kumkaribisha karibu."

Tulirudia wiki baada ya wiki. Nikaacha sukari kwenye chai. Nikawa natembea kwenda msikitini alfajiri kwa hatua za haraka, waumini wakaniuliza kama ninafukuzwa. Mwishoni nilifika kwenye gunia kabla hajamaliza kuhesabu mia, naye akanipa mkono. "Wabeja," alinishukuru. "Sasa tunaweza kwenda."

Hatukufikiri kwamba shamba la pamba limelimwa na jembe la ng'ombe kwa miaka na kulainika kama unga, na nchi ya kongoni haijawahi kuliona jembe.

Niliendesha mimi, polepole, dira ikicheza mbele ya macho yangu. Kwenye kitalu cha uwindaji tulikabidhiwa askari wa wanyamapori, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye sheria ilimtaka afuatane nasi. Siku ya kwanza na ya pili tuliona nyayo na mbung'o. Ijumaa nilisali chini ya mti, na rafiki yangu alikaa kimya upande wa nyuma akinifukuzia mbung'o kwa tawi ili wasinichome nikiwa nimesujudu. Kitendo hicho sijakisahau. Jumapili yeye aliimba nyimbo mbili za kanisani kwa Kisukuma, nami nikamshikia bunduki, au niseme niliikalia karibu, maana askari hakuniruhusu kuigusa.

Jumatatu ilikuwa siku yetu ya mwisho. Asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, tulifika ukingoni mwa mbuga ya udongo mweusi. Ule udongo ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu, na juu yake majani yamelala, huzioni. Ng'ambo ya mbuga, kando ya miti, walikuwa wamesimama kongoni saba.

Kwa kweli nilisahau kilichonipeleka. Walikuwa wekundu kama udongo wa chungu kabla hakijachomwa, mabega juu, viuno chini, nyuso ndefu zimetuelekea. Nilimtazama rafiki yangu. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, akimwona kwa mara ya kwanza mnyama aliyemsikia kwa baba yake.

Wakanyata mbele, yeye na askari, nami nikafuata hatua chache nyuma kama tulivyopanga. Hatua chache zikawa nyingi. Kila ninapokanyaga, ardhi inaachia. Kwenye ufa mmoja mguu wangu wa kulia uliingia mpaka karibu na goti, kifundo kikapinda, nikakaa chini bila sauti nikiuma upindo wa kanzu. Niliwanyoshea mkono waendelee. Hawakuwa wananitazama.

Rafiki yangu alipiga goti moja, lile linalouma. Akainua bunduki. Nilimwona anavuta pumzi. Dume moja lilikuwa limesogea mbali na wenzake, limesimama ubavu, na hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba huyo ni wake. Nami nilikuwa nimekaa chini, kifundo kinavimba, umbali wa mazoezi yetu mara mbili na zaidi, na mbuga yote ile kati yangu na yule dume.

Hapo akageuka nyuma. Alinitafuta kwa macho, akanipata nilipo, akautazama mguu wangu uliokuwa bado nusu umo ardhini. Akamtazama tena kongoni. Sijui ni muda gani. Nilimwashiria kwa mkono: piga, piga.

Akaishusha bunduki.

Askari hakuamini. Nilimsikia akinong'ona kwa hasira, "Mzee, mbona hupigi? Amesimama!"

"Mchinjaji wangu bado yuko njiani," alijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na kongoni wakasikia. Waligeuka wote pamoja, wakaondoka kwa zile mbio zao za kuyumba, wakaingia mitini.

Alirudi akanitoa mguu kwenye ufa kwa mikono yake, taratibu, kama mtu anayemtoa ndama tumboni mwa mama yake. Nilikuwa nimekasirika mpaka machozi.

"Ungepiga tu. Miaka yote hii! Ni siku ya mwisho!"

"Nipige ili ule nini?"

"Ungekula wewe. Wangekula wanao."

"Mimi nyama nimekula maisha yangu yote, shehe. Sikuja Tabora kwa ajili ya nyama."

Nikamwomba tena msamaha kwa yale mafurushi yote ya nyama niliyoyapokea na kuyasifu. Akaniambia ninyamaze, kwa sababu anahitaji pumzi ya kunibeba. Alinibeba kweli, yeye upande mmoja na askari upande wa pili, mpaka kwenye gari. Tulikula ugali na dagaa kutoka sinia moja. Debe langu lilikuwa bado limejaa, naye hakulitaja kwa ubaya. Alisema tu, "Leo umeshinda," akaniongezea upande wangu.

Gari aliliendesha askari mpaka barabara kuu, kisha mimi nikaliendesha kwa kujikongoja, kwa mguu mmoja mzuri, hadi nyumbani. Jirani yetu alitupokea nje ya duka, akaizunguka pikapu yake, akapitisha kidole kwenye bodi, akakitazama.

"Safi!" alicheka. "Niliwaambia nitawaombea."

Kisha akaona uso wa rafiki yangu, kicheko kikamwishia. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mzee wangu. Mimi niliomba kidogo tu."

Bunduki ilirudishwa polisi mwezi uleule. Mwaka uliofuata binti yake, anayeishi Kharumwa na mume anayeponda mawe ya dhahabu, alimchukua akae nao, kwa sababu baiskeli ilikuwa imemshinda. Alhamisi zangu zikabaki na benchi. Nimezizoea, kama mtu anavyozoea jino lililong'oka, lakini ulimi bado huenda palepale. Saa ya alasiri nikisikia breki za baiskeli yoyote nainua kichwa.

Halafu siku moja kondakta wa basi litokalo Kharumwa alisimama mlangoni na kapu la ukindu lililoshonwa juu kwa kamba. Ndani yake kitu kilikuwa kinapiga kelele kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nilikata kamba. Kanga, mzima, miguu imefungwa kwa kitambaa laini ili isiumie, ananitazama kwa hasira.

Nikapiga simu.

"Shehe, mhola? Kimefika?"

"Kimefika. Ni nini hiki?"

"Nafuga siku hizi, mjukuu wangu alileta mayai ya kanga tukamwekea kuku aatamie. Lakini huyo alitoroka, akakaa nje siku mbili. Nimemwinda mwenyewe, nyuma ya choo, kwa kofia. Goti limevimba. Kwa hiyo ni windo."

Miaka yote ile, na safari yote ile, wala hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kitu rahisi kama kapu.

Nilimgeuza kibla, nikataja jina la Mungu, nikamchinja. Sikutumia kile kisu cha mhunzi, kwani hicho ni cha kongoni. Nilitumia cha jikoni. Mke wangu alimpika kwa karanga, baada ya mimi kumwuliza rafiki yangu kule Kharumwa alitaka apikweje. Tulipokaa mezani nikampigia tena, nikamwambia kwamba paja liko mkononi mwangu.

"Usiniambie ni tamu," alisema. "Hilo ulishawahi kuniambia. Weka simu karibu na mdomo. Tafuna nisikie."

Nikatafuna. Kanga aliyekomaa ana mfupa mgumu na nyama ya kubishana, na meno yangu ni machache, ilichukua muda. Upande wa pili wa simu nilisikia pumzi yake tu, na kuku wake nyuma yake.

"Haya," alisema hatimaye. "Sasa lile ini."